Usimnunue huyo anemoni Jumamosi

Ngoja kwanza, usitume hiyo pesa. Nimesoma ulichoandika mara mbili. Tangi la samaki la maji ya chumvi, lita 60, limejazwa maji wiki tatu zilizopita, ndani kuna klauni wawili, wale samaki wadogo wa baharini, na Jumamosi unaenda kuchukua anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye miiba laini inayochoma, ndio hao samaki wasikae wapweke, halafu unauliza aina gani ni nzuri, taa ya wati ngapi na alishwe nini. Mimi nimekwama kwa hizo wiki tatu. Nilikuwa hapo hapo ulipo, lita 60, wiki ya nne, klauni wawili, na kilichotoka ni tangi zima la maiti.

Anemoni haingii kwenye tangi ambalo halijamaliza miezi sita. Sita, si moja na nusu. Na hiyo miezi haihesabiki kama maji yamekuwa yakiyumba, leo chumvi iko juu kesho iko chini, leo amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, imeonekana kesho imepotea. Ukiyumbisha unaanza kuhesabu upya. Najua ni refu na najua ushamwahidi mtu hapo nyumbani, lakini nisikilize.

Jamaa aliyeniuzia wangu aliniangalia machoni akaniambia klauni bila anemoni hufa kwa msongo. Si kweli! Baharini klauni anamhitaji anemoni kwa sababu kuna samaki wakubwa wa kumla, anajificha kwenye ile miiba. Kwenye tangi lako nani atamla? Klauni wengi wanaouzwa walizaliwa kwenye matangi na hawajawahi kumwona anemoni maishani mwao, wanakula, wanakua, wanataga mayai vizuri tu. Hata ukimweka anemoni wanaweza kumpita kama hawamjui wakaenda kulala karibu na hita. Na huyo jamaa hakuniuliza tangi langu lina umri gani. Swali moja tu, sekunde tano, angeniuliza hilo mimi singekuwa naandika hapa usiku huu. Bado hunikera. Mtu anayeuza kiumbe hai ana wajibu wa kuuliza kinaenda kukaa wapi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Siku ya kwanza alifunguka akawa mkubwa kama sahani ya kikombe, rangi ya kahawia yenye kijani, ncha zimevimba kama shanga, tukakaa mbele ya kioo familia nzima hata taarifa ya habari hatukuona. Siku ya tatu akaanza kutembea. Watu hawajui kwamba anemoni anatembea, ana mguu mmoja mpana chini kama wa konokono, na pale asipopenda mahali anauachia anaenda. Hana macho, hana ubongo, lakini nyumba ikimshinda anahama bila kumwambia landilodi. Nikampigia muuzaji, akaniambia usijali anatafuta mahali pazuri, ni kawaida. Sawa, siku ya kwanza na ya pili baada ya kumleta ni kawaida kweli. Lakini wangu hakutulia, kila asubuhi nampata kwingine, na siku ya tano nikaona mdomo wake pale katikati umeachama mpaka penseli ingepita, na ile kahawia imeanza kufifia. Ile rangi ni mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake, unapata mwanga unamtengenezea chakula, kwa hivyo anemoni akipata shida anautapika na anabaki mweupe. Mweupe ni wa kupendeza kwa picha, na kuna watu wanamuuzia mgeni anemoni mweupe kama aina ya kipekee, lakini huyo ni mgonjwa mwenye njaa.

Mbona alikuwa anatembea? Manake maji yalikuwa mabaya na mimi sikujua. Tangi changa halina bakteria wa kutosha. Samaki anatoa uchafu, chakula kinabaki, vyote vinakuwa amonia, kuna bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitraiti, na wengine wa kugeuza nitraiti kuwa nitreti, na hao kwa kawaida huchukua wiki nne mpaka sita ndio wawe wa kutosha, tena wakifika hapo ndio wanaanza tu, kitu kidogo kinawayumbisha. Samaki mgumu anaweza kuvumilia. Anemoni yeye maji yanaingia na kutoka mwilini mwake mchana na usiku, hana magamba, hana pa kujificha. Anataka amonia sifuri na nitraiti sifuri, sifuri kabisa.

Halafu kulikuwa na chumvi, na hapa pia nilidanganywa. Maji yakipungua kwenye tangi ni maji matupu yanayopaa, chumvi inabaki. Muuzaji aliniambia nijazie maji yale yale ya chumvi. Nikajazia lita 3 kila wiki, wiki tatu. Nilikuwa nimeanza na 1.025 kwenye haidromita, kile kifaa cha kupima chumvi, siku nilipokuja kupima, wakati haisaidii tena, ilikuwa 1.029. Unajazia maji matamu, yasiyo na chumvi! Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo, yakishuka chini ya mstari unarudisha kwa maji yaliyochujwa, yale ya duka la maji la kujaza mtungi wa lita 20 wanaochuja kwa mashine yanafaa kuliko ya bomba yenye klorini. Maji ya chumvi unayatumia siku ya kubadilisha maji tu, ukishatoa uchafu.

Sasa ule usiku. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu unayoijua. Stima ikapotea saa tatu usiku. Pampu ikazima, hita ikazima, maji yakasimama, giza. Na pampu ikiwa imezima ni jiwe tu kama mawe mengine, huyu naye bado anatafuta pa kukaa, akapanda akakaa juu ya mdomo wa pampu, pale inapovutia maji. Saa nane stima ikarudi. Nilisikia friji ikianza kunguruma, nikafurahi, nikageuka upande wa pili nikalala.

Asubuhi harufu ilinipata kabla sijafika sebuleni. Kama kombe la baharini lililosahaulika juani siku mbili. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Nusu ya anemoni ilikuwa imeingia ndani ya pampu na nusu imesambaa tangi zima, vile vipande vya miiba vinaelea, vingine vimeganda kwenye kioo, na nilipoviondoa kwa mkono vilikuwa bado vinanata kidoleni, ameshakufa lakini ile sumu yake ya kuchoma bado inafanya kazi. Klauni mmoja alikuwa chini ubavu juu. Wa pili alikuwa juu kabisa anavuta hewa kwa mdomo, nikamtoa nikamweka kwenye ndoo na maji ya chumvi niliyokuwa nimehifadhi, nikaweka kipampu cha hewa, nikakaa naye. Alikufa kabla ya saa sita mchana. Konokono wote, kamba mdogo, vyote. Anemoni mmoja akisagika kwenye lita 60 hakuna kinachobaki, maji ni kidogo mno kumeza sumu ile na uozo ule. Kwenye lita 400 ungekuwa na muda wa kukimbia, hapa huna. Ukijumlisha na chumvi na mawe niliyotupa ni zaidi ya elfu 20, na pesa hata si kitu, mtoto wangu alikuwa amewapa wale samaki majina.

Kwa hivyo mtu akikwambia tatizo lilikuwa pampu, ni kweli nusu. Funika mdomo wa kila pampu kwa sponji au wavu mnene, hilo lifanye hata kama huna anemoni, na nunua kipampu cha hewa cha betri kwa ajili ya siku stima ikipotea. Lakini anemoni aliyeridhika hahami. Akipata jiwe lenye ufa wa kuingiza mguu, mwanga na maji yaliyotulia, anakaa hapo miezi na miezi hajasogea hata kidole. Aliyefika kwenye pampu alikuwa anakimbia maji ya tangi changa. Ndio maana nasema miezi sita, sponji bila miezi sita inakupa anemoni anayekufa polepole badala ya haraka.

Na usimchukulie kama ua la kuweka mezani likinyauka unanunua lingine. Skotland kuna bwana mmoja, John Dalyell, aliokota anemoni ufukweni mwaka 1828 akamfuga kwenye chupa ya kioo. Dalyell akafa 1851. Anemoni akapitia mikono ya walezi wengine mpaka akafa mwaka 1887. Miaka 59! Ni aina ya bahari ya baridi, si hawa wetu wa miambani, lakini ona, kwenye chupa, bila stima, bila filta, kwa sababu kulikuwa na mtu anayembadilishia maji safi ya bahari bila kuchoka. Wangu aliishi siku tisa.

Kitu kingine, kama huyo jamaa wa Jumamosi anakwambia ana mtu wa kumtolea anemoni Watamu au Malindi, huko pwani ya Kenya, kataa. Yale ni maeneo ya hifadhi ya bahari tangu 1968, hakuna kitu kinachotolewa mle, na ukienda maji yakitoka utawaona anemoni wenyewe na klauni wao pale kwenye mwamba wakiwa wazima.

Na umewahi kutia dawa ya madoa meupe ya samaki kwenye hilo tangi? Soma karatasi yake. Ikiwa ina shaba ndani, sahau habari ya anemoni kwenye tangi hilo, shaba inaingia kwenye mawe na mchanga na inaua viumbe wasio na mifupa hata kwa kiasi kidogo sana.

Mpigie muuzaji leo mwambie umeahirisha. Akikwambia watu wengine wanamtaka, mwache awauzie. Kama ushalipa deposit, mwombe akupe vipimo vya amonia na nitraiti vya thamani hiyo hiyo, hivyo utavihitaji kila wiki. Kisha usiku huu pima chumvi, pima amonia, uandike hapa namba ulizopata na tarehe uliyojaza maji. Niko macho mpaka saa sita.