Kwa nini damu? Kwa nini Mungu asisamehe tu?

Mkuu, umeuliza mawili: kama Mungu ni upendo, kwa nini ilibidi Yesu afe, asisamehe tu? Na je, utoe hiyo laki mbili ya "sadaka ya ukombozi" uliyoambiwa itakata laana ya mababu inayomtesa mama yako? Mimi ni mzee wa kanisa, Moravian, huku Tabora. Hilo la kwanza hata majirani zangu Waislamu huniuliza, tena kwa heshima kabisa.

Huku kwetu wakulima wa tumbaku hukopeshwa mbolea kwa vikundi, mmoja asipolipa wenzake wanakatwa. Kijana mmoja aliuza mbolea yake ya mkopo, hela akazila. Kwenye kikao kaka yake akasema, "Nimemsamehe." Tukanyamaza, maana tulijua kinachofuata. Alipeleka mnadani ng'ombe wake wawili wa kulimia, na msimu ule akalima kwa jembe la mkono, yeye na mkewe. Msalaba mimi nauelewa hapo: anayesamehe ndiye anayebeba hasara.

Hasira ya Mungu juu ya dhambi ipo, siikatai. Ila mahubiri ya Baba anayetulizwa kwa damu ya Mwana, kama mizimu inavyotulizwa kwa tambiko, siyakubali. Kwenye tambiko mtu ndiye anayetoa. Soma Walawi 17:11, Mungu anasema damu ya madhabahuni ni yeye mwenyewe aliyewapa Waisraeli. Na Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Kor. 5:19). Aliyekosewa ndiye aliyelipa.

Kuhusu laki mbili, usitoe. Katika Agano la Kale, Siku ya Upatanisho, kuhani mkuu aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi, akaungama maovu ya Israeli, mbuzi akapelekwa jangwani. Mwaka uliofuata wakaanza upya. Waebrania 10 inasema damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi, Kristo alijitoa mara moja, na mstari wa 18 unafunga mjadala: ondoleo likiwapo, hapana toleo tena kwa ajili ya dhambi. Huyo aliyekuambia utoe anakudai deni lililokwisha kulipwa, na inaniuma anavyolidai kwa jina la Yesu. Sadaka ya shukrani toa, hata kidogo, kwa furaha. Hiyo laki mbili mpeleke nayo mama hospitali.