Swali la lugha: Je, La Casa de Papel ni "tamthilia asilia" ya Netflix?

SWALI: Ninaandika maelezo mafupi ya tamthilia katika ukurasa wa burudani. Mhariri wangu anataka ile nembo ya Netflix inayotambulisha vipindi kuwa vyake niieleze kwa maneno "tamthilia asilia ya Netflix", na mwenzangu anashikilia "tamthilia halisi". La Casa de Papel imewekewa nembo hiyo, ilhali ilianzia kwenye televisheni ya Hispania. Niandike nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Shaka yako ina msingi, ndugu msomaji, na ninakushauri uyaache maneno yote mawili.

"Halisi" ni kinyume cha bandia au cha nakala: cheti halisi hutofautishwa na kivuli chake, na dhahabu halisi na ile ya kuigiza. Ukiandika "tamthilia halisi ya Netflix", msomaji ana haki ya kuuliza ya kughushi ni ipi. "Asilia" nayo hutaja hali ya kitu tangu chimbuko lake, kama tunavyosema gesi asilia, misitu asilia au wakazi asilia. Kwa hiyo "tamthilia asilia ya Netflix" inadai kwamba kazi hiyo ilichipuka Netflix, na kwa La Casa de Papel dai hilo si kweli. Tamthilia hiyo ilirushwa kwanza na kituo cha Antena 3 mwaka 2017, ikiwa na vipindi 15. Netflix ikanunua haki za kuionyesha kimataifa, ikaikata upya ikawa vipindi 22 vilivyo vifupi zaidi, na ni sehemu zilizoanza kutoka mwaka 2019 tu ambazo iliziagiza yenyewe. Jina ni moja, lakini historia ni mbili, na kivumishi kimoja hakiwezi kuzibeba.

Chanzo cha utata ni kwamba nembo hiyo haizungumzii chimbuko peke yake. Huwekwa pia pale ambapo kampuni ina haki ya kuonyesha kazi ya wengine katika nchi fulani, mara nyingi bila mshindani. Better Call Saul, iliyoanza mwaka 2015, ilikuwa tamthilia ya kituo cha AMC nchini Marekani, lakini mtazamaji wa Uingereza aliletewa tamthilia hiyohiyo chini ya nembo ya Netflix. Chimbuko la kazi halibadiliki kwa kuvuka mpaka. Kinachobadilika ni mwenye haki ya kuionyesha. Mwandishi anayeifuata nembo neno kwa neno huwanyima sifa watunzi na vituo vilivyothubutu kuigharimia kazi kabla haijajulikana, na hilo kwangu ni kosa zito kuliko kosa la sarufi.

Kiswahili kina njia iliyo wazi zaidi, nayo ni kumtaja mtenda na kitendo chake. Kampuni ikiwa imeagiza kazi na kuigharimia, andika "iliyoagizwa na Netflix". Ikiwa imenunua haki tu, andika "inayoonyeshwa na Netflix", ukiongeza "pekee" pale unapokuwa na hakika. "Iliyotengenezwa na Netflix" ibaki kwa kazi zilizotoka mikononi mwa kampuni yenyewe, kwa maana hata House of Cards, tamthilia ya Netflix ya mwaka 2013, ilitengenezwa na kampuni ya Media Rights Capital. Hapo kauli ya kutendewa inafaa sana: "Netflix ilitengenezewa House of Cards". Angalia kwamba kiima ni Netflix, yaani aliyetendewa. "House of Cards ilitengenezewa Netflix" ni sentensi inayokwaza masikio ya wengi.

Mhariri akilalamika kwamba nafasi haitoshi, "tamthilia ya Netflix" inakubalika katika kichwa cha habari, kwa sababu a-unganifu, yaani lile neno "ya" linalounganisha nomino mbili, hubeba umiliki, chimbuko na hata mahali kitu kinapopatikana, bila kudai kimoja kwa nguvu. Upana huohuo ndio unaoifanya isitoshe ndani ya habari yenyewe, ambako msomaji anatarajia kuelezwa.

Kwa maelezo yako, basi, andika hivi: "La Casa de Papel, tamthilia ya Hispania iliyorushwa kwanza na Antena 3 mwaka 2017, kisha ikanunuliwa na kuendelezwa na Netflix."