Vipele vya darasa la tano

SWALI: Daktari, hujambo? Nikiwa darasa la tano nilipewa penisilini, nikatokwa na vipele mwili mzima. Sasa nina miaka 34, nauza samaki Kondele, na kila kliniki huniandikia "ana mzio" kwa kalamu nyekundu. Kuna kipimo?
Mama Samaki, Kisumu

JIBU: Kipo, dada. Kwanza ni maswali, na hapo ndipo penye kazi: vipele vilitoka baada ya muda gani? Midomo ilivimba? Pumzi ilikatika? Ikiwa ngozi ilibabuka au mdomo ulijaa malengelenge, hatukupimi kabisa.

Kisha tone la dawa huwekwa mkononi na ngozi hudonolewa kwa sindano. Tunangoja kama dakika 15 tuone kama patavimba na kuwasha, mfano wa alama ya mbu (wa Kisumu unawajua). Pasipovimba, kiasi kidogo hudungwa ndani ya ngozi. Napo pasipovimba, mwisho unameza amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, mbele yetu, adrenalini (dawa ya dharura ya mzio mkali) ikiwa karibu. Usijijaribu nyumbani, tafadhali! Vidonge vya kuzuia mwasho viache siku kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari, la sivyo ngozi itatudanganya.

Wengi walioandikwa kama wewe, takriban 9 kati ya 10, wakipimwa huonekana hawana mzio.