Dozi ya TB inapokwama, tafuta uvimbe

Kikohozi cha wiki tatu, homa za jioni, jasho la usiku, nguo zinapwaya. Huku Afrika Mashariki mgonjwa huyo hudhaniwa ana TB, na mara nyingi ni kweli. Tatizo ni pale GeneXpert, kipimo cha TB cha makohozi, inaposoma hasi, eksirei ina doa, na dozi ya miezi 6 inaanzishwa kwa dalili tu. Kuianza hivyo si kosa. Kosa ni kutopanga siku ya kuuhoji uamuzi huo, maana doa hilo laweza kuwa uvimbe wa saratani.

Iandike kwenye faili mapema: mwisho wa mwezi wa 2, mpime uzito, rudia eksirei, zitazame picha zote mbili kwa pamoja. Doa lililokua, au lililogoma kupungua, linataka CT skani na biopsi, yaani kutoa kipande cha nyama kikapimwe. Nafuu ya wiki za mwanzo isikupumbaze. Uvimbe ukiziba njia ya hewa, nimonia hujijenga nyuma yake, na rifampisini iliyomo kwenye dozi ya TB huua bakteria wengine pia, si wa TB peke yao. Homa inashuka, uvimbe uko palepale.

Sauti iliyokauka kwa wiki kadhaa, uso na shingo kuvimba, au tezi ngumu juu ya mtulinga havisubiri miezi 2. Tezi hiyo, kwa kweli, ni bahati: kuifikia ni rahisi kuliko kuingia kifuani. Itolewe nzima, maana kwa limfoma, saratani ya tezi, kuvuta seli kwa sindano nyembamba mara nyingi hakutoshi. Mwanapatholojia anataka kuona seli zilivyojipanga. Igawe mara mbili. Kipande kimoja kiende kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10, ujazo wake walau mara 10 ya kipande. Kingine kiwekwe kwenye salaini (maji ya chumvi) kwa ajili ya kuotesha bakteria wa TB maabara. Wengi hutumbukiza chote kwenye fomalini, bakteria wanakufa, na swali la TB linabaki bila jibu.

Kuna maji kifuani? Peleka walau mililita 50 zikaangaliwe seli za saratani. ADA, kimeng'enya kinachopimwa kwenye maji hayo kutafuta TB, ikiwa juu usishangilie TB haraka. Limfoma nayo huipandisha.

Dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni zisitangulie biopsi, ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu. Kwa dawa hizo limfoma husinyaa ndani ya siku chache, na majibu hurudi yakisema seli zilizokufa tu.

Na GeneXpert chanya haifuti saratani: vyote viwili huweza kukaa kifua kimoja. Mtibu TB, lakini ile eksirei ya mwezi wa 2 ifanyike vilevile.