Bunduki ya .22 au ya .17? Liache shamba lako lijibu

Nimepokea ujumbe kutoka kwa ndugu mmoja anayefanya kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Mwajiri wake amemwahidi kwamba akipata kibali cha polisi atamkabidhi kazi ya kupunguza sungura wanaomaliza malisho, naye ananiuliza anunue bunduki ipi kati ya .22 ya kawaida na .17 (namba hizi ni kipenyo cha risasi kwa sehemu ya inchi), ambayo wenzake kazini wanaisifu asubuhi na jioni kwa mwendo wake wa kasi. Kwa kuwa swali hili hunijia mara kwa mara, nimeona nilijibu hapa kwa urefu, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnatamani kile nilichokitamani mimi nilipohamia shambani: kuaminiwa na wenye ardhi, kupewa ufunguo wa geti na kuachwa mfanye kazi bila kusimamiwa.

Jibu langu ni kwamba anayechagua bunduki ni shamba lenyewe. Kabla hujauliza kasi ya risasi, jina la kiwanda au ukubwa wa darubini, lizunguke shamba lote kwa miguu huku ukijiuliza swali moja: risasi ikimkosa sungura, au ikimtoboa na kupita, itaishia wapi?

Mimi naishi Breckland, eneo lililo mpakani mwa Norfolk na Suffolk, ambako udongo ni mchanga mkavu uliojaa mawe ya gumegume. Tangu Zama za Kati watu wa huku walifuga sungura kwa ajili ya nyama na ngozi katika viwanja vikubwa ambavyo majina yake bado yamo kwenye ramani. Mji wa Brandon ulio karibu uliishi kwa kuchonga vijiwe vya gumegume vya kuwashia bunduki. Uliyapatia majeshi ya Uingereza vijiwe hivyo wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na baadaye ukaendelea kuvisafirisha, vingine hadi Afrika. Ninapookota jiwe jeusi lenye makali katikati ya shamba la viazisukari huwa nayakumbuka magobori ya wazee wa kwetu Iringa, ingawa kwa kazi yangu ya leo jiwe hilo ni adui, kama nitakavyoeleza.

Sungura wa huku si mapambo. Sheria ya mwaka 1954 inampa mwenye kukalia ardhi, karibu kote England na Wales, wajibu wa kuwadhibiti, na anayetaka kujua sababu aende ukingoni mwa shamba la shayiri mwezi wa Aprili. Mistari ya kwanza kutoka kwenye ua wa miti imeliwa hadi karibu na udongo, kila jani lina ncha iliyokatwa mshazari kana kwamba kwa wembe, na kadiri unavyoingia ndani ya shamba ndivyo mimea inavyorefuka, mpaka unafika mahali ambapo sungura huona ni mbali mno na mashimo yao. Mimi nilikulia kwenye kuamia ndege katika mpunga, kwa hiyo hasira ya mkulima anayeliwa jasho lake naielewa bila kutafsiriwa.

Sasa tuje kwenye bunduki zenyewe. Risasi ya .22 tunayoizungumzia ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na haijapata mpinzani kwa wingi wa matumizi. Risasi hiyo na jamaa zake zote zina sifa moja: fataki, yaani kemikali inayowasha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda, bali imepakwa ndani ya ukingo wake. Okota ganda lililotumika ulitazame karibu, utaona alama ndogo iliyobonyea kwenye ukingo pale pini ilipogonga. Ili ukingo huo ubonyee, shaba yake lazima iwe nyembamba, na ndiyo maana risasi hizi haziwezi kubeba baruti nyingi, ganda lake halijazwi tena, na bei yake iko chini.

Kwa kazi ya sungura, .22 hutumiwa na risasi za mwendo wa pole, yaani zinazotoka mtutuni kwa takriban mita 320 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340. Kwa kuwa haivuki kasi ya sauti, haitoi ule mlio mkali wa kupasua hewa, na ukifunga kiwambo cha sauti kwenye mdomo wa mtutu, kinachosikika zaidi ni kishindo cha risasi kumfikia sungura. Wenzake huinua vichwa, hutega masikio, kisha wengi hurudi kwenye majani. Hakuna bunduki nyingine ya risasi itakayokupa utulivu huo, na kwa mtu anayefanya kazi karibu na zizi la ng'ombe, mabanda ya farasi au nyumba za majirani, utulivu huo ni nusu ya kazi.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kushuka: ukiilekeza ipige sawasawa mita 50, ikifika mita 100 itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 15, na kichwa cha sungura hakikupi nafasi ya kukisia. Kwa hiyo .22 ni bunduki ya mita 60 au 70, na anayeitumia lazima ajue kunyatia. Udhaifu wa pili ndio mzito zaidi. Risasi hii imetengenezwa kwa madini ya risasi matupu au yenye mipako myepesi, inakwenda polepole, na inapopiga jiwe, maji au ardhi iliyoganda kwa baridi, mara nyingi haivunjiki. Inadunda. Onyo la kwenye boksi linasema inaweza kufika maili moja na nusu, ambayo ni kama kilomita 2.4. Nimewahi kuisikia ikipiga gumegume na kuondoka ikilia juu ya miti, na mlio ule hausahauliki.

Hapo ndipo .17 inapoingia. Ilitolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2002 kwa kulichukua ganda la .22 Magnum (ndugu mrefu na mwenye nguvu zaidi wa .22 ya kawaida), lililokuwepo tangu 1959, na kulibana shingo lishike risasi nyembamba zaidi. Risasi yake ina uzito wa takriban gramu 1.1 tu, lakini inatoka kwa zaidi ya mita 770 kwa sekunde. Unailekeza mita 100 na kwa umbali wote wa hapo kati huhitaji kukisia chochote. Faida kubwa zaidi kwa shamba kama letu ni kwamba ikigusa udongo au jiwe kwa kasi hiyo kwa kawaida husambaratika vipande vidogo. Husambaratika hivyo hivyo ndani ya sungura, kwa hiyo ukimpiga kifuani, nyama ya mbele huwa ya kutupa. Mlio wake kiwambo hakiumalizi, kwa kuwa risasi yenyewe inapasua hewa njiani. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisogeza karibu sentimita 10 katika mita 100, na huku Norfolk, ambako ardhi ni tambarare, kuna siku nyingi nairudisha kabatini bila kufyatua. Risasi zake pia ni ghali zaidi kuliko za .22. Kuhusu .22 Magnum yenyewe, nguvu inayo, lakini ina kelele bila kuwa na unyoofu wa .17, na sioni sababu ya anayeanza kuihangaikia.

Kwangu mimi, kwenye mashamba ya wazi yenye gumegume natumia .17, na kando ya kingo za udongo zilizoinuka, mabanda na njia za watu natumia .22. Bunduki mbili hizo hazikuja pamoja. Nilianza na .22, na nilikuwa na sababu.

Siku nilipokwenda kuinunua nilifuatana na mwenye shamba, mzee aliyenipa ruhusa ya kwanza. Cheti kilikuwa kimeandikwa jina langu na kina picha yangu, lakini muuzaji alizungumza na mzee tangu tulipoingia hadi tulipotoka. Alimweleza mzee habari za .17 mpya yenye darubini ya gharama kubwa, akamuuliza mzee kama "yeye" ataweza kuitunza, na nilipouliza uzito wa kifyatuo alimjibu mzee. Sikununua pale. Nilikwenda mji mwingine nikapata CZ 452 iliyotumika, ya kukoki kwa mkono, mtutu safi, kitako chenye mikwaruzo, na ndiyo niliyoitumia kulisafisha shamba la mzee mpaka jirani yake akaona tofauti kwenye shayiri. Majira haya ya kuchipua jirani huyo amenikabidhi na ardhi yake, pamoja na ufunguo wa geti. Nalisema hili kwa fahari, na sioni haya. Duka lile bado nalipita njiani, na bado linaniuma.

Nawasimulia haya kwa sababu yanahusu uchaguzi wenyewe. Mgeni anayeingia katika kazi hii huwa na hamu ya kuthibitisha kwamba naye anajua, na hamu hiyo humsukuma kununua kilicho kipya, chenye kasi na chenye kusifiwa. Ndugu zangu, msinunue bunduki ili mtu fulani awaheshimu. Heshima ya shambani hutolewa na mkulima anayekuta sungura wamepungua, mageti yamefungwa na maganda ya risasi yameokotwa.

Jirani mwingine, ambaye sikuwahi kukutana naye, aliniona jioni nikiwa nimelala kando ya ua wa miti akapiga simu polisi. Walikuja. Niliifungua bunduki, nikaiweka chini, nikatoa cheti na barua ya ruhusa yenye ramani, na mazungumzo yakaisha kwa amani. Tangu hapo, kabla ya kuanza kazi kwenye shamba jipya, nagonga milango ya nyumba zote zinazopakana nalo na kujitambulisha. Wewe mwenye rangi na jina kama langu, fanya hivyo hata kama hakuna mwingine anayefanya. Si haki, lakini ni lazima, na ukiwa na bunduki mkononi huwezi kuacha mtu akuhofie kwa kutokukujua.

Kuhusu sheria, England na Wales bunduki hizi zote mbili zinahitaji cheti cha polisi kinachodumu miaka 5, na polisi watataka sababu ya msingi, ardhi inayofaa, taarifa kutoka kwa daktari wako na kabati la chuma lililofungwa ukutani. Kila bunduki huorodheshwa kwa kipenyo chake, kwa hiyo huwezi kuombea .22 kisha ukarudi na .17. Tangu mabadiliko ya mwaka 1988, bunduki ndefu za kujikoki zenyewe zimepigwa marufuku isipokuwa za .22 za aina hii, kama Ruger 10/22 ambayo imekuwapo tangu 1964. Ni halali, lakini kwa anayeanza sikushauri. Ya kukoki kwa mkono inakulazimisha kutulia, kutazama tena na kuuliza tena lile swali la risasi itaishia wapi. Ambaye hajapata ardhi ya kutosha anaweza kuanza na bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-ratili 12, ambayo England na Wales mtu mzima haihitajii cheti. Scotland wanaidai leseni tangu tarehe 31 Desemba 2016. Walioko nyumbani wasichukue maelezo haya kuwa yao: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania ina sheria yake ya silaha ya mwaka 2015.

Baada ya kununua, nunua boksi moja moja la risasi za viwanda mbalimbali, kwa maana kila mtutu una risasi unayoipenda, na mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja inaweza kutofautiana. Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga risasi tano tano kwenye karatasi kwa mita 50, na aina itakayoweka matundu yote ndani ya upana wa sarafu ya peni 10 ndiyo yako. Inunue kwa wingi unaoruhusiwa na cheti, usiibadilishe. Kisha ujue umbali ambao hukosi kichwa, na usivuke umbali huo hata sungura akikaa vizuri namna gani. Mnyama anayejeruhiwa na kuingia shimoni kufa polepole ni aibu ya mpigaji, na hakuna udhuru wa upepo wala wa darubini. Waislamu wanaotaka kula nyama hiyo wamuulize shekhe wao mapema, kabla ya kutoka, si baada ya sungura kulala chini.

Nikurudie wewe wa Lancashire. Umenieleza kwamba ardhi yenu ni malisho mabichi yenye udongo laini, yamegawanywa na nyua zenye kingo za udongo, ng'ombe wako karibu na nyumba ya mwajiri iko ndani ya shamba. Andika kwenye fomu .22 ya kukoki kwa mkono, na utumie risasi za mwendo wa pole zenye tundu kwenye ncha. Msimu wa barafu, ardhi ikiganda, ipumzishe kila mahali ambapo huna ukingo wa udongo nyuma ya sungura. Mwombe mwajiri akuandikie ruhusa iliyotiwa saini, yenye mipaka ya shamba kwenye ramani, sasa hivi kabla hujatuma maombi, kwa sababu polisi watataka kujua ni ardhi ipi kabla ya kukuuliza ni bunduki gani.