Rangi ya kung'aa ni mdaku: niliyofunzwa na kabati la shangazi

Ilikuwa Januari, kaskazi imeshika kasi, na shangazi yangu hapa Lamu alikuwa anaoza binti. Akanikabidhi kabati lake la vyombo, la mbao za mwembe, nilipige rangi nyeupe ya mafuta mpaka "ing'ae kama sahani". Nikalitoa nje dakani nikalipaka baada ya alasiri, upepo ukinipepea, nikajiona fundi kwelikweli. Asubuhi nilipopitisha kiganja, ilikuwa kama kupapasa msasa. Mchanga, nywele za punda, vumbi la chokaa la jirani aliyekuwa akipiga lipu, vyote vilikuwa vimegandia mle. Na rangi yenyewe haikung'aa, ilikuwa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kabati liliingia harusini limefunikwa leso.

Baada ya fungate nilimwita fundi mmoja mtu mzima wa Langoni, sisi vijana twamwita ami. Hakuuliza nilinunua rangi gani. Aliomba tochi, mchana kweupe. Akafunga dirisha, akailaza tochi ubavuni mwa mlango wa kabati, mwanga ukapita juu ya mbao kama jua la magharibi juu ya mchanga. Hapo nikaona kila kitu: mikwaruzo ya msasa iliyokata nyuzi za mbao, mashimo ya misumari yaliyobonyea, michirizi ya brashi. "Rangi hii mdaku, mwanangu," akasema. "Kila ulichokificha itakitangaza."

Ndivyo ilivyo. Rangi isiyong'aa hutawanya mwanga, kwa hiyo husamehe. Ya kung'aa huurudisha mwanga kama kioo, na kivimbe kidogo tu hupotosha kile kioo. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla kopo halijafunguliwa, na tochi ndiyo chombo changu cha kwanza hadi leo.

Tulianza upya. Rangi ya zamani tuliisugua kwa msasa wa maji, si mkavu, kwa sababu rangi za miaka ya nyuma huenda zina risasi, na vumbi lake si la kuvuta, hasa penye watoto. Kwenye mbao tupu tulipanda ngazi: msasa namba 80 palipokuwa na makovu, kisha 120, 180, 240, maana namba ikipanda msasa huwa laini zaidi. Usiruke. Ukitoka 80 ukaingia 240, mikwaruzo ya 80 inabaki mle chini ikingoja rangi iionyeshe. Na daima fuata uzi wa mbao. Baada ya hapo ami akaipangusa mbao kwa kitambaa kibichi, nami nikashangaa: si tumehangaika kuikausha? Ilipokauka, vinyweleo vilikuwa vimesimama kama ndevu za siku mbili. Hivyo ndivyo vingesimama ndani ya rangi. Tukavikata kwa 240, mkono mwepesi, tukamaliza. Maji yawe matamu. Visima vingine vya majumbani hapa mjini vina munyu, na chumvi ikibaki kwenye mbao huvuta unyevu, rangi ikashindwa kushika.

Mashimo utayaziba kwa fila mara mbili, maana ya kwanza hunywea ikikauka. Mbao yenye macho yanayotoa utomvu, kama saiprasi, yapake lakiri ya shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushika mbao, la sivyo baada ya miezi utaona madoa ya manjano yakichungulia. Kisha praima, kisha andakoti, rangi ya kati isiyong'aa, mikono miwili, kila mmoja ukisuguliwa kwa 320 ukishakauka. Watu wengi huiona andakoti kama gharama ya bure. Mimi naona heri upunguze rangi ya juu kuliko kuipunguza hiyo, kwa sababu ndiyo inayojaza vijitundu vya mbao, na rangi ya juu haijazi kitu.

Sasa upepo. Hapa ndipo ushauri wa watu wa bara unapotupotosha. Wao huambiwa paka penye hewa. Kwetu hewa ni nyingi kupita kiasi, na ina mchanga. Lakini pia usijifungie chumbani ukavuta harufu. Mimi hupaka kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba: juu wazi, kuta pande zote. Nafagia jana yake, si siku hiyo hiyo, na kabla ya kuanza nanyunyiza maji sakafuni vumbi litulie. Paka wafungieni nje. Lamu hii paka hawaombi ruhusa.

Saa nayo ina maana. Naanza kama saa tatu asubuhi, umande umeshaondoka kwenye mbao na upepo wa mchana haujaamka, na kabati liwe kivulini. Jua kali hukausha ngozi ya juu huku chini kungali kubichi, rangi ikajikunja. Ukipaka jioni kama nilivyopaka mimi, umande wa usiku huikuta bado mbichi, na hapo ndipo ule ukungu hutoka. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Hukazwa na hewa, polepole, kwa hiyo ipe saa nyingi za mchana.

Rangi naichuja kwa kipande cha mtandio wa nailoni, maana hautoi nyuzi. Naongeza tapentaini kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya rangi, si zaidi. Usitie thina kali, ile ya rangi za magari. Niliwahi kuitia kwa haraka na rangi ikavimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa. Brashi ipigepige kiganjani itoe nywele zilizolegea, ichovye theluthi tu. Tandaza rangi kwa kufuata uzi, kisha ipitishie brashi kwa kuukingama uzi, kisha malizia kwa ncha ya brashi tupu, mkono mwepesi kama unamfuta mtoto usingizini, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kusimama. Halafu ondoka. Ukiona kasoro baada ya dakika kumi, iache. Kila anayerudi kurekebisha huchimba shimo kubwa zaidi. Kesho yake utaisugua kwa msasa wa maji namba 400 na kupaka mkono wa pili, na kasoro itakuwa imekwisha. Matambara yaliyolowa rangi usiyarundike pembeni, yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Kabati lilitoka likawa kioo. Shangazi akaleta tochi yake mwenyewe, akailaza ubavuni, akatikisa kichwa kwa furaha. Nilimwambia lisiwekewe kitu kwa wiki tatu, kwa sababu rangi ikikauka juu bado haijakazana ndani. Akaitikia. Siku ya nne walikuja wageni kutoka Matondoni, naye akaweka birika la kahawa juu yake. Duara lile lipo hadi leo, amelifunika kwa kitambaa cha kufuma, na kila nikienda kumjulia hali hukinyoosha kabla sijaketi.