Dash inatosha kwa skripti zako

Ndugu, umeuliza kama uiache bash, programu inayosoma na kutekeleza amri (shell), kwa skripti zinazojiendesha usiku kwenye seva yako ndogo ya Debian. Mimi ningetumia dash, shell nyepesi zaidi, na tayari unayo: ndiyo /bin/sh, yaani shell ya msingi ya kuendesha skripti, ya Debian tangu toleo la 6 la mwaka 2011, Ubuntu ilitangulia mwaka 2006. Huanza haraka na hula kumbukumbu kidogo, faida inayoonekana skripti zikiitwa mfululizo.

Kinachosumbua ni mazoea ya bash. Majaribio ya masharti ya [[ ]], safu za data (arrays) na amri ya source ya kupakia faili jingine havimo kwenye dash. Tumia [ ] badala ya [[ ]], na nukta (.) badala ya source. Kabla ya kuandika #!/bin/sh juu, pitisha kila skripti kwenye checkbashisms, zana inayotafuta vitu vya bash pekee, imo katika kifurushi cha devscripts. Skripti yenye safu nyingi iache kwenye bash tu, kuiandika upya ni kujitesa bure.